Mkono juu ya Bandama: Historia ya Uchunguzi wa Tumbo katika Uuguzi, Tanga na Pwani ya Kaskazini ya Tanzania

Katika vyuo vya uuguzi, uchunguzi wa tumbo hufundishwa kwa hatua nne: kuangalia, kusikiliza, kugonga na kupapasa. Mwanafunzi huelezwa kwamba katika sehemu nyingi za mwili kupapasa hufuata mara tu baada ya kuangalia, lakini kwa tumbo sikio hutangulia mkono, kwa sababu kulibonyeza huweza kubadili milio ya utumbo kabla haijasikilizwa. Mafunzo hayo husimuliwa kana kwamba hayana mahali wala historia. Insha hii inashikilia kwamba yana vyote viwili. Katika Tanga na wilaya zinazoizunguka, kitendo cha kuweka mkono juu ya tumbo la mtu mwingine kilikuwa na wenyewe watatu tofauti: mkunga, mtafiti wa malaria na muuguzi wa wodi. Wote walipapasa. Haki ya kusema kile ambacho mkono umekihisi, na kuamua kwa mujibu wake, haikugawanywa sawa baina yao, na mgawanyo huo umeacha alama katika kazi ya uuguzi hadi sasa.

Lugha ya tumbo

Kabla ya hospitali, pwani ilikwisha kuwa na ramani yake ya tumbo. Sehemu iliyo chini ya kidari, mbavu zinapokutana, huitwa chembe ya moyo. Pembeni kuna ubavu, katikati kitovu, chini kinena. Ndani kuna ini, figo, kibofu, mji wa mimba, na kile kiungo cha kushoto chenye majina mawili, bandama na wengu. Katika usemi wa kawaida jina la kiungo hicho limekuwa jina la maradhi yake. Mtoto husemwa kuwa “ana bandama”, ilhali kila mwanadamu anayo. Kinachosemwa hapo ni kwamba bandama imejitokeza, mzazi anaweza kuihisi kwa vidole vyake anapomwogesha mwanawe. Usemi huo wenyewe ni matokeo ya uchunguzi wa mwili. Usingeweza kuzuka mahali ambapo bandama za watoto hubaki zimejificha chini ya mbavu.

Maneno mengine ya tumbo hayafuati mipaka ya kitabu cha tiba. Mchango huweza kuwa minyoo, msokoto wa tumbo la mtoto au maumivu ya uzazi ya mwanamke. Mshipa na ngiri huweza kumaanisha utumbo uliopenya ukuta wa tumbo, na pia maumivu yanayopanda kutoka kinena. Safura hutaja upungufu wa damu unaofuatana na uvimbe na uchovu, ambao mara nyingi husababishwa na minyoo ya utumbo. Busha, ambalo katika pwani hii husababishwa mara nyingi na minyoo ya matende, huchanganywa na ngiri iliyoshuka, na ni mkono tu unaotenganisha: uvimbe wa ngiri huendelea hadi ndani ya kinena, bali juu ya busha vidole huweza kukutana. Muuguzi aliyefunzwa kwa maneno ya Kiingereza na kufanya kazi kwa Kiswahili alilazimika kufasiri mara mbili, kwanza neno la mgonjwa, kisha kile alichokihisi kwa vidole. Mwanamke anaposema mshipa unampanda hadi chembe ya moyo, haelezi kiungo kimoja. Anaeleza njia ya maumivu, na taarifa hiyo ina thamani yake katika uchunguzi.

Hatua ya kuangalia nayo ilikuwa na mambo ya kusomwa ambayo vitabu vya Ulaya havikuyataja. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki waganga walichanja chale juu ya bandama iliyovimba, na mistari midogo iliyopangana chini ya mbavu za kushoto humwambia mchunguzi, kabla hajagusa, kwamba ugonjwa huo si wa jana na kwamba familia ilikwisha kutafuta tiba. Chale hizo ni rekodi ya matibabu iliyoandikwa juu ya ngozi. Baadhi ya wahudumu wa afya walizitazama kama ushahidi wa ujinga, na kwa kufanya hivyo walitupa taarifa waliyokuwa wakiihitaji.

Bandama kama kipimo

Mnamo 1898 Robert Koch, aliyekuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa uchunguzi wa maradhi, alitoa taarifa kutoka Usambara ambayo imerudiwa mara nyingi katika historia ya malaria. Wakazi wa milimani walimweleza kwamba wakishuka nyika huugua homa, na kwamba homa hiyo huiita mbu, jina lile lile la mdudu anayewauma huko. Koch alivutiwa pia na jambo la pili, kwamba watu wa pwani, wanaoishi na homa hiyo tangu utotoni, hawaangushwi nayo kama wageni. Jambo hilo la pili ndilo lililoifanya bandama kuwa kiungo cha siasa ya afya kwa muda wa nusu karne iliyofuata.

Wazo la kuhesabu bandama halikuanzia Tanga. Katika miaka ya 1840 daktari T. E. Dempster, akiwa India ya kaskazini, alipapasa matumbo ya wakazi wa vijiji vilivyo kando ya mifereji ya umwagiliaji ili kujua ni wapi homa ilikuwa imekita mizizi. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: homa huja na kuondoka, lakini bandama iliyovimba hubaki. Mtu anaweza kufika kijijini siku ambayo hakuna mgonjwa hata mmoja na bado akapima ukubwa wa tatizo kwa vidole, bila hadubini na bila damu.

Tanga ikawa mojawapo ya mahali ambapo mantiki hiyo ilitumika kwa bidii. Katika miaka ya 1930 Kitengo cha Malaria cha Serikali ya Tanganyika kilikuwa Tanga, kikiongozwa na D. Bagster Wilson, ambaye mnamo 1936 alichapisha utafiti wake kuhusu malaria ya vijijini katika nchi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo iliendelezwa na taasisi ya Afrika Mashariki iliyoanzia Muheza na kuhamia Amani, katika majengo yaliyokuwa ya taasisi ya kilimo na biolojia iliyoanzishwa na Wajerumani mnamo 1902. Milima ile ile ambayo wakazi wake walimweleza Koch kuhusu mbu ikawa makao ya watu wanaopima bandama za wale walioishi chini yake.

Namna ya kupima ilitaka nidhamu. Mnamo 1944 mtaalamu wa malaria wa Marekani, L. W. Hackett, alipendekeza ngazi ambazo baadaye zilienea duniani. Bandama isiyohisiwa hata mtoto anapovuta pumzi kwa nguvu ni 0. Inayohisiwa kwa pumzi hiyo tu ni 1. Inayohisiwa chini ya ukingo wa mbavu bila kupita nusu ya njia ya kuelekea kitovuni ni 2. Iliyopita hapo bila kuvuka usawa wa kitovu ni 3. Iliyovuka kitovu bila kupita nusu ya njia ya kwenda kwenye mfupa wa kinena ni 4, na inayozidi hapo ni 5. Kitovu, ambacho kwa mkunga ni mahali pa kufunga uzi, kwa mtafiti kikawa alama ya rula.

Katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kampala mwaka 1950, bandama za watoto wa miaka 2 hadi 9 zilipewa mamlaka ya kuainisha nchi nzima. Mahali ambapo bandama zilizovimba hazikuzidi asilimia 10 ya watoto paliitwa hipoendemiki. Kati ya asilimia 11 na 50 palikuwa mesoendemiki. Palipozidi asilimia 50 daima, na watu wazima wakiwa nazo kwa wingi pia, paliitwa haipaendemiki. Daraja la juu kabisa, holoendemiki, lilikuwa na sharti la kushangaza: watoto wazidi asilimia 75, lakini watu wazima wawe na kiwango cha chini. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Bandama iliyorudi chini ya mbavu za mtu mzima ilisomwa kama cheti cha kinga. Bagster Wilson na wenzake waliojadili malaria ya namna hiyo walihofia kwamba udhibiti nusunusu ungeivunja kinga hiyo na kuwaacha watu wazima bila ulinzi dawa zikikoma. Waliowapinga waliuliza ni watoto wangapi wanaolipia cheti hicho kwa maisha yao. Mjadala huo mzito, ambao ulihusu maisha ya watoto wa Muheza na Pangani sawasawa na wa nchi nyingine, uliegemea kwa sehemu kubwa juu ya ncha za vidole.

Mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulilipima swali hilo kwa vitendo. Kati ya 1955 na 1959 nyumba zilipuliziwa dieldrin, maambukizi yakashuka sana na vifo vya watoto vikapungua. Upuliziaji ulipokoma, malaria ilirudi polepole, na watafiti waliendelea kulifuatilia eneo hilo hadi miaka ya 1960. Maafa ya watu wazima yaliyohofiwa Kampala hayakutokea kwa kiwango kilichotabiriwa, lakini mradi nao haukuwa na njia ya kudumisha kile ulichokipata.

Namba za bandama zina udhaifu ambao wasomaji wa majedwali huusahau. Watu wawili wakimpapasa mtoto mmoja huweza kumpa ngazi tofauti. Mtoto anayelia hukaza misuli, na tumbo lililokazwa huficha bandama ndogo. Mchunguzi akianza juu sana, chini ya mbavu, huweza kuweka mkono juu ya bandama kubwa bila kuutambua ukingo wake, na ndiyo sababu hufundishwa aanzie kinena cha kulia na kupanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, akisubiri kila pumzi ikisukume kiungo kimfuate. Bandama iliyovimba kwa malaria ya karibuni huwa laini, na kuibonyeza kwa pupa ni hatari, kwani huweza kupasuka. Upole wa mkono, kwa hiyo, ni sehemu ya usahihi na ni sehemu ya usalama. Asilimia iliyochapishwa haikuonyesha upole huo wala haikuonyesha kukosekana kwake.

Mkunga na muuguzi

Wakati bandama ikihesabiwa, ndani ya hospitali mkono ulikuwa na mipaka mingine. Misheni ya UMCA huko Magila, iliyoanzishwa katika miaka ya 1860, ilikuza huduma za tiba ambazo baadaye ziliendelezwa Muheza, katika hospitali inayojulikana leo kama Teule. Serikali ya Kijerumani ilijenga hospitali Tanga mjini, kando ya bahari, mahali panapoitwa Bombo. Chini ya Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, madresa walioajiriwa na serikali za wenyeji waliwekwa vijijini kusafisha vidonda na kugawa dawa. Wengi wao walikuwa wanaume. Kwa mujibu wa kanuni ya kazi, dresa na muuguzi walipima joto, mapigo ya moyo na pumzi, wakaandika, wakampelekea daktari. Kutafuta ugonjwa ndani ya tumbo lilikuwa jambo la daktari. Katika zahanati iliyo mbali na daktari kwa mwendo wa siku moja, kanuni hiyo ilikuwa maandishi tu.

Kwa mkunga mambo yalikuwa kinyume. Yeye hakuwahi kunyimwa tumbo. Wakunga wa jadi wa pwani walimshika mjamzito tumbo kwa mafuta ya nazi, wakatambua kichwa kiko wapi na mgongo umelalia upande gani, na wengine walijaribu kumgeuza mtoto kwa kukanda, jambo ambalo ukunga wa hospitali ulilikataza kwa sababu ya hatari kwa kondo na kwa mji wa mimba. Mkunga wa hospitali alikuja na mfumo wake: mishiko minne ya kupapasa mimba inayohusishwa na daktari wa Ujerumani, Christian Gerhard Leopold, tangu miaka ya 1890, na kifaa cha mbao chenye umbo la pembe kilichobuniwa na Adolphe Pinard wa Ufaransa mnamo 1895, ambacho huwekwa juu ya tumbo ili kusikiliza moyo wa mtoto. Ukiviangalia kwa karibu, mkunga wa jadi na mkunga aliyesajiliwa walitafuta habari ile ile kwa mikono ile ile. Walitofautiana katika kile kilichofanywa baada ya kuipata, na katika nani aliyetakiwa kuarifiwa.

Hapo ndipo hoja ya insha hii inapokaa. Muuguzi mmoja, aliyefunzwa uuguzi na ukunga kama walivyofunzwa wengi nchini, aliweza asubuhi katika kliniki ya wajawazito kupapasa tumbo, kutamka kwamba mtoto amekaa vibaya, na neno lake likamfanya mama apelekwe hospitali kubwa. Mchana, katika wodi ya watoto, mikono ile ile ikihisi bandama iliyofika kitovuni au ini lenye ukingo mgumu, hapakuwa na mahali rasmi pa kuandika habari hiyo kama hukumu yake mwenyewe. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mamlaka, na mamlaka hayo hayakukosekana kwa sababu za kitaalamu. Nje ya Afrika mabadiliko yalianza kuonekana 1965, Loretta Ford na Henry Silver walipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo yaliyomkabidhi muuguzi uchunguzi kamili wa mwili. Jambo lililosifiwa Marekani kama upanuzi wa taaluma lilikuwa limekwisha kufanywa kwa miaka mingi katika zahanati za Handeni na Pangani, bila jina na bila cheti, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kulifanya.

Suala la stara nalo lilikuwa na nguvu kuliko kanuni. Katika pwani yenye Waislamu wengi, dresa mwanaume hakuweza kumfunua mwanamke tumbo kwa wepesi, hata akiwa na ruhusa ya daktari. Muuguzi mwanamke aliweza, lakini naye kwa adabu: humwamkia bibi kwa shikamoo, humwomba ruhusa ya kumshika, humwambia akakojoe kwanza na akunje magoti, hufunua kanga pale tu panapohitajika, hupasha mikono moto kwa kuisugua, na huacha mahali panapouma hadi mwisho. Huku mkono ukifanya kazi, macho hukaa usoni mwa mgonjwa. Maagizo yote hayo yamo katika vitabu vya uuguzi kama mbinu za kulegeza misuli ya tumbo. Mzee wa Mkinga angeyatambua kama tabia njema, na tumbo hulegea kwa sababu zote mbili.

Kutoka kidole hadi tone la damu

Taasisi ya Amani iliingizwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, na kwa miongo iliyofuata kipimo cha malaria kilihama kutoka kwenye bandama hadi kwenye damu. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilipokea utaratibu wa pamoja wa kumhudumia mtoto mgonjwa, uliotungwa ili mhudumu wa zahanati asiye na daktari aweze kuamua haraka. Utaratibu huo humtaka aulize kuhusu kikohozi, kuhara, homa na masikio, na atazame viganja kwa dalili za upungufu wa damu. Kupapasa bandama hakumo katika hatua zake za msingi. Mkono hurudi tumboni mara moja tu: kufinya ngozi ya mtoto anayehara na kuona inarudi kwa kasi gani. Ni uchunguzi wa maji mwilini, si wa viungo.

Gharama ya kutotazama zaidi ya homa ilionekana mwaka 2004, pale utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulipochapishwa. Kati ya wagonjwa 4474 waliolazwa katika hali mbaya na kutibiwa malaria, ni 2062 tu, yaani asilimia 46.1, waliothibitika kuwa na vimelea katika damu. Miongoni mwa waliokuwa navyo walikufa asilimia 6.9. Miongoni mwa wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12.1. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba kupapasa tumbo kungewaokoa. Maambukizi ya bakteria katika damu, ambayo uchunguzi wa baadaye wa watoto waliolazwa Muheza ulionyesha kuwa mara nyingi husababishwa na aina za salmonela zisizo za homa ya matumbo, hayatambuliki kwa vidole, na bandama kubwa katika eneo la malaria haithibitishi chochote juu ya homa ya leo. Lakini takwimu hizo zinaonyesha jinsi neno malaria lilivyoweza kufunga uchunguzi kabla haujaanza. Mgonjwa mwenye homa na tumbo gumu kama ubao ana tatizo la upasuaji hadi ithibitike vinginevyo, na hakuna tone la damu linaloweza kusema hivyo.

Katika miaka hiyo hiyo malaria ilishuka sana Korogwe na Muheza, na vipimo vya haraka vikaenea katika zahanati. Kizazi cha wauguzi kilichoingia kazini baada ya hapo hukutana na bandama zilizovimba mara chache kuliko waliokitangulia. Jambo hilo ni ushindi. Wakati huohuo, bandama kubwa imepata maana mpya. Zamani ilikuwa hali ya kawaida ya utoto wa pwani. Sasa, katika kijiji kilichopungukiwa na malaria, inapaswa kuzusha maswali kuhusu selimundu, kichocho cha utumbo kwa aliyewahi kuishi Kanda ya Ziwa, au saratani ya damu. Kiungo kilichokuwa kikieleza mahali sasa humweleza mtu mmoja.

Nyaraka za kliniki zinaonyesha mgawanyo wa zamani ulivyodumu. Kadi ya mjamzito ina nafasi za kujazwa kila hudhurio: kimo cha mimba kwa wiki, mlalo wa mtoto, kitangulizi, mapigo ya moyo wa mtoto. Zote hujazwa na muuguzi mkunga kwa mkono na sikio lake, na hakuna anayemuuliza kwa idhini ya nani. Mtoto huyo akishazaliwa hupewa kadi nyingine, yenye mchoro wa uzito na orodha ya chanjo. Mama akimrudisha na kusema mwanangu ana bandama, muuguzi humlaza, huweka vidole kinenani upande wa kulia na kupanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, na anapopata jibu hulazimika kutafuta nafasi tupu pembeni mwa kadi ili aliandike.